Ndege niliiona imesimama: mbona niliambiwa nimechelewa?

Swali: "Mimi ni mfanyabiashara wa nguo, natokea Arua. Mwezi uliopita nilikuwa naenda Dubai kufunga mzigo. Basi lilichelewa, Kampala tukakuta jam, nikafika uwanjani Entebbe zikiwa zimebaki dakika arobaini na tano ndege iondoke. Binti wa kaunta akaniambia, 'Mama, tumeshafunga.' Ndege yenyewe niliiona dirishani, imesimama, na kwa sababu ya mvua ikakaa hapo zaidi ya saa nzima. Tiketi yangu ikaenda na maji. Sasa nauliza: uwanja wa ndege upo kumhudumia nani, abiria au mashirika? Mwenye kauli ya mwisho ni nani? Na kule kukaguliwa mara tatu, mara nne, ni kwa ajili ya nini? Halafu, ningekuja na begi la mkononi tu, wangeniruhusu?"

Jibu:

Dada yangu, kwanza pole. Nimefanya kazi Entebbe miaka ishirini na ushei, mingi yake nikiwa chini kule kwenye lami ndege zinakoegeshwa, na watu waliolia mbele ya kaunta kama wewe nimewaona wengi. Sitakuambia kosa ni lako. Basi si lako, jam si yako. Lakini ile ndege uliyoiona imesimama haikuwa imepumzika. Ilikuwa na shughuli kuliko soko la Owino siku ya Jumamosi, na shughuli yenyewe ilikuwa imefika pale ambapo mtu mmoja zaidi angewarudisha wote nyuma.

Nianze na uzito, maana ndiko jibu lako liliko, na abiria wengi hawajawahi kuelezwa.

Umewaona vijana wanaoleta matoke sokoni kwa baiskeli. Mikungu mingi, baiskeli moja. Hakuna anayepakia ovyo. Akirundika yote nyuma, gurudumu la mbele linanyanyuka na usukani haushiki. Akielemeza upande mmoja, mteremko wa kwanza tu anakwenda chini. Ndege nayo ni baiskeli hiyohiyo, ila imebeba mamia ya watu na haina pa kushuka ukasukuma kwa mkono.

Kwa hiyo kila ndege kabla ya kuondoka hufanyiwa hesabu. Abiria wangapi na wameketi wapi, mabegi mangapi yako tumbo la mbele na mangapi la nyuma, shehena ya wafanyabiashara ni kilo ngapi, mafuta ni tani ngapi. Mwisho wa hesabu hiyo hujulikana mambo mawili: uzito wote, na mahali uzito huo unapolalia. Rubani hukabidhiwa karatasi, siku hizi mara nyingi huipata kwenye skrini, na kutokana nayo anajua anyanyue pua kwenye mwendo gani, aombe injini nguvu kiasi gani, na mkia auweke vipi ili ndege isivutane naye. Namba zikiwa za uongo, ndege inaweza kufika mwisho wa lami haijataka kupanda, au ikanyanyua pua mapema na kuburuta mkia chini. Yote mawili yamewahi kutokea duniani, na mara nyingine chanzo kilikuwa mtu aliyeandika namba vibaya kwa haraka.

Kwetu Entebbe hesabu hii ina ugumu wa ziada. Uwanja uko kando ya Ziwa Victoria, lakini ziwa letu liko juu: uwanja una kimo cha mita 1,150 hivi kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa au ya Dubai unakokwenda, na jua likiwaka inakuwa nyepesi zaidi. Hewa nyepesi haibebi bawa vizuri, na injini nayo haishibi. Barabara yetu kubwa ya kurukia ina urefu wa mita 3,658, na kuna siku ndege nzito inaihitaji karibu yote. Uzito hapa haubahatishwi.

Na chini ya miguu ya abiria kuna biashara nyingine kabisa. Ndege inayokupeleka wewe Dubai, au ile inayokwenda Ulaya usiku, imebeba tumboni minofu ya sangara, maua, pilipili na mboga. Watu wa shehena hukaa wakisubiri waambiwe abiria wamekuja wangapi na mabegi yao yamekula kilo ngapi, ndipo wajue kama maboksi yote yanapanda au tani moja inabaki. Samaki hasubiri kesho. Kwa hiyo kuna mtu ofisini ambaye lazima ajue, kwa saa maalumu, kwamba orodha ya abiria imefungwa na haiongezeki. Ndiyo maana mashirika mengi hufunga kaunta dakika 60 kabla ya safari ya kimataifa. Wewe ulipofika, dakika 45, hesabu ilikuwa inapigwa, mabegi ya mwisho yanapita kwenye mashine, na orodha ya majina iko njiani kupelekwa kwa wakubwa wa uhamiaji wa nchi unayokwenda.

Sasa utasema: lakini ilikaa saa nzima! Ni kweli. Ila aliyefunga kaunta hakujua kwamba itakaa saa nzima. Hakuna aliyejua. Mvua ya ziwani haitoi ratiba. Kila baada ya dakika tano watu wanadhani inaisha. Shirika likifungua orodha kwa ajili yako, linafungua pia kwa wengine sita waliosimama nyuma yako, karatasi ya uzito inaandikwa upya, milango ya tumbo inafunguliwa tena, na mvua ikikata ghafla ndege haiko tayari. Ikikosa nafasi yake angani, abiria wanaounganisha safari mbele wanakosa ndege zao. Na kuna saa za kazi za marubani. Sheria inawawekea kikomo, na kikomo kikipita hawaruki hata kama kila kitu kiko sawa. Ndege nzima inalala.

Kuna jambo la pili ambalo ni zito kuliko hata uzito, nalo ni begi. Tarehe 21 Desemba 1988, ndege ya Pan Am ililipuka juu ya mji wa Lockerbie, Uskochi, wakafa watu 270. Bomu lilikuwa ndani ya begi, na mwenye begi hakuwemo ndani ya ndege. Tangu hapo kanuni imekazwa dunia nzima: begi halisafiri bila mwenyewe. Abiria akikabidhi begi kisha asionekane mlangoni, begi linashushwa. Si suala la kujadiliana.

Kushusha begi si kazi ndogo. Nakumbuka usiku mmoja, mvua inanyesha ya kulowesha hadi soksi, tukaambiwa abiria mmoja hayupo. Sisi watu wanne tukaingia tumboni mwa ndege, mahali ambapo mtu hasimami wima, tukatoa mabegi na kusoma lebo moja moja kwa tochi. Tulilipata begi baada ya dakika arobaini. Mwenyewe alikutwa hatua chache tu kutoka kwenye mlango wake, kalala usingizi wa pono, viatu kavua, kavipanga vizuri chini ya kiti. Ndege ilimwacha. Nilimwonea huruma, lakini watu mia mbili walikuwa wamekaa kwa mikanda wakimsubiri yeye aote ndoto.

Nigusie hapa sababu nyingine ya watu kukosa ndege, ambayo haikukupata wewe ila inawapata wengi wanaosema lugha yetu. Tiketi imeandikwa 03:30. Sisi hiyo ni saa tisa na nusu usiku. Mtu anaona tatu na nusu, anakuja saa tatu na nusu asubuhi, amevaa vizuri, familia nzima imemsindikiza. Mbaya zaidi ni tarehe. Ndege nyingi za Entebbe huondoka usiku. Ukiambiwa tarehe 12 saa 00:40, huo ni usiku wa kuamkia tarehe 12, yaani utoke nyumbani jioni ya tarehe 11. Nimeona watu waliokuja jioni ya tarehe 12, siku nzima baada ya ndege kuondoka, na wanabisha wakionyesha tarehe kwenye karatasi. Wanayoionyesha ni tarehe ya kweli. Katiba yetu iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2005 inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini sijaona tiketi inayomwambia mtu "usiku wa kuamkia". Maneno matatu tu yangeokoa tiketi nyingi.

Nije kwenye swali lako la nani anamhudumia nani. Watu hudhani uwanja wa ndege ni kampuni moja, kila aliyevaa kizibao cha kung'aa ni mtu wa uwanja. Sivyo. Ufananishe na jengo la maduka pale Kampala. Kuna mwenye jengo, kuna wapangaji, kuna mlinzi wa mlangoni, kuna mtu wa kodi, na kuna wateja wanaoingia na kutoka.

Mwenye jengo ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, UCAA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1991. Lami, taa, majengo, vyoo, zimamoto na mnara wa kuongozea ndege viko chini yake. Mashirika ya ndege ni wapangaji. Hulipa kila ndege inapotua, kwa kufuata uzito wake, hulipa maegesho, hulipa huduma ya kuongozwa angani. Wewe nawe unalipa: ndani ya bei ya tiketi yako kuna ada ya abiria ambayo shirika huikusanya na kuipeleka kwa mwenye uwanja. Kwa hiyo wote wawili ni wateja wa uwanja, tena mnalipa wote. Tofauti ni kwamba shirika lina mkataba na uwanja, wewe una mkataba na shirika. Ndiyo sababu uwanja hauwezi kuliamuru shirika likupandishe.

Katikati yenu kuna kundi ambalo halionekani. Mashirika mengi ya kigeni hayana watu wengi hapa. Huajiri kampuni za huduma za ardhini: hao ndio wanaokaa kaunta, wanaobeba mabegi, wanaoleta ngazi, wanaosukuma ndege irudi nyuma. Yule binti aliyekuambia "Mama, tumeshafunga" huenda si mwajiriwa wa shirika uliloliona limeandikwa kwenye mkia wa ndege. Kompyuta yake ikifunga safari, hana kitufe cha kuifungua. Anayeweza ni msimamizi wa shirika, na yeye saa hiyo yuko chini kwenye ndege, ana redio mbili mkononi. Hili halimwondolei binti wajibu wa kukueleza kwa adabu. Ungeambiwa tangu mwanzo ni kwa nini, na kwamba ukienda ofisi ya tiketi saa hiyohiyo huenda ungebadilishiwa safari kwa kulipa faini badala ya kupoteza nauli nzima, usingekaa dirishani ukiitazama ndege. Hapo nakubaliana nawe kabisa, na nilipokuwa kazini tulikuwa wabaya katika hilo.

Kisha kuna serikali yenyewe: uhamiaji wanaogonga muhuri, mamlaka ya mapato wanaofungua begi lako ukirudi na mzigo, polisi, watu wa afya wanaoangalia kadi ya homa ya manjano. Kila mmoja ana mkubwa wake. Foleni ya pasipoti ikiwa ndefu, mkurugenzi wa uwanja hawezi kugonga muhuri mwenyewe.

Jambo moja halinifurahishi, na nalisema kwa kuwa nimestaafu. UCAA ndiyo inayoendesha uwanja na ndiyo hiyohiyo inayousimamia na kuukagua. Idara zimetenganishwa, wa viwanja huku, wa kuongoza ndege kule, wa ukaguzi wa usalama kwingine, na nimefanya kazi na wakaguzi waliokuwa wakali kwelikweli kwa wenzao. Lakini mwamuzi kuwa chini ya paa moja na mwenye timu ni mpango ninaouona na kasoro. Kinachosaidia ni kwamba juu yao kuna jicho la nje: shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, lililotokana na mkataba uliotiwa saini Chicago mwaka 1944. Hilo huweka viwango na kuzikagua nchi.

Kauli ya mwisho, basi, imegawanywa. Nani anapanda ndege ni la shirika. Ndege isogee au isisogee, ni la mnara. Barabara ya kurukia ifunguliwe au ifungwe, ni la uwanja. Turuke au tusiruke, ni la rubani, na hapo hakuna waziri wala mwenye hisa anayemshinda. Nimewahi kuona rubani akikataa kuondoka huku wakubwa wakimpigia simu. Alizima simu.

Tuseme na mvua yako hiyo. Wengi hudhani ndege inaogopa maji. Ndege haiogopi maji. Inaogopa upepo unaogeuka ghafla karibu na ardhi, ule unaokuja na mawingu ya radi, na mvua ya kuziba macho wakati wa kutua. Lakini mara nyingi kinachoisimamisha ndege iliyokwisha kuegeshwa ni watu. Radi zikiwa karibu, wafanyakazi wa kwenye lami huondolewa, kwa sababu kule hakuna mti wala nyumba, mtu ndiye kitu kirefu, na pengine anashika chuma. Kujaza mafuta kunasimama. Mabegi yanabaki kwenye vitoroli. Ziwa letu hili linajulikana kwa radi, hasa usiku na alfajiri. Kwa hiyo ile saa uliyoiona ndege imekaa, huenda hapakuwa na mtu hata mmoja pembeni yake, na hata wewe ungekuwa tayari ndani, ungekaa tu ukisikiliza mvua.

Ziwa lina mgeni mwingine. Lugha yetu imewapa jina moja, ndege na ndege, ikaacha ngeli ndiyo itutenganishie: ndege ilipaa, ndege alipaa. Angani hawana ngeli, wanagongana. Wewe wa Arua huenda hujaona sami wakipanda kutoka ziwani, wale wadudu wanaoonekana kwa mbali kama moshi. Sami wakitoka, ndege wa kila aina hufuata chakula. Ongeza kaloli, yule mkubwa mwenye upara anayeishi kwa majalala. Kaloli ana kilo kadhaa. Akiingia kwenye injini wakati wa kupaa si mchezo. Huko New York, Januari 2009, bata bukini walizima injini zote mbili za ndege moja, rubani akaiteremsha mtoni Hudson, na watu wote 155 wakapona. Hatuombi kujaribu hivyo kwa kaloli na Ziwa Victoria.

Kuwafukuza kuna kikosi chake. Milio ya kutisha, ving'ora, nyasi kukatwa kwa urefu maalumu usiowavutia, mitaro kuzibuliwa maji yasituame. Lakini kazi kubwa iko nje ya uzio. ICAO inashauri majalala yasiwe ndani ya kilomita 13 kutoka uwanjani. Kilomita 13 kutoka Entebbe ni vijiji, hoteli, mialo ya wavuvi wanaotupa matumbo ya samaki ufukweni. Uwanja hauna polisi wa matumbo ya samaki. Huu ndio upande wa usalama ambao abiria haoni kabisa, na ukiniuliza mimi, ni mgumu kuliko kumkagua mtu mwenye begi.

Barabara yenyewe ya kurukia hukaguliwa kwa gari si chini ya mara mbili kwa siku, watu wakitafuta vitu vidogo: skrubu, kipande cha tairi, jiwe. Mwaka 2000, Paris, ndege ya Concorde ilikanyaga utepe wa chuma ulioanguka kutoka kwenye ndege iliyotangulia. Urefu wake haukufikia nusu mita. Tairi lilipasuka, kipande kikapiga tangi la mafuta, wakafa watu 113. Nikimwona kijana wa mabegi anatupa kifuniko cha chupa kwenye lami, nilikuwa nampigia kelele kama mtoto wangu.

Zimamoto nitapita haraka. Viwanja hupangwa kwa madaraja, 1 hadi 10, kwa kufuata urefu na upana wa ndege zinazotua. Airbus A330-800 za Uganda Airlines zina urefu wa karibu mita 59, hivyo zinadai daraja la 8: maji kiasi fulani, povu kiasi fulani, magari kadhaa, na gari la kwanza lifike mahali popote pa barabara ya kurukia ndani ya dakika 3, lengo likiwa dakika 2. Daraja likishuka kwa sababu gari limeharibika, uwanja lazima utangaze, na ndege kubwa inaweza kukataa kuja. Kwetu kuna deni jingine: ndege zinapaa na kutua juu ya maji, kwa hiyo magari hayatoshi, boti za uokoaji lazima ziwepo. Machi 2009, ndege ya mizigo aina ya Ilyushin 76 iliondoka Entebbe alfajiri na kuanguka ziwani muda mfupi baadaye, wakafa watu 11 waliokuwemo. Aliyekuwa kazini asubuhi ile hasahau.

Sasa ukaguzi. Unakaguliwa langoni barabarani, ukiingia jengoni, ukielekea chumba cha kusubiri, pengine tena mlangoni mwa ndege, na unajiuliza kama hawaaminiani. Naam, hawaaminiani, na imepangwa hivyo. Langoni wanatafuta silaha na vilipuzi kabla havijafika penye watu wengi. Ndani wanatafuta hata vitu vidogo. Mlangoni mwa ndege, pakiwapo ukaguzi, mara nyingi ni shirika au nchi unayokwenda imedai.

Entebbe imeandikwa katika historia kwa utekaji wa 1976, ile ndege ya Air France iliyoletwa hapa, mateka wakawekwa katika jengo la zamani hadi makomando wa Israeli walipowavamia watekaji usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai. Watu wanakumbuka risasi. Mimi darasani nilikuwa nawakumbusha vijana jambo moja: watekaji wale hawakupandia Entebbe, wala hawakupandia Tel Aviv ambako safari ilianza. Walipandia Athens, ndege ilipopita hapo, wakiwa wanaunganisha safari. Ndiyo sababu leo hata ukishuka Addis Ababa au Nairobi kubadili ndege, wakati umekwisha kaguliwa Entebbe, unavua mkanda upya. Kila uwanja unajibebea mzigo wake.

Vitu vingine wanavyokunyang'anya havihusiani na ugaidi. Pawabenki haikai kwenye begi la tumboni kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto kule chini hakuna wa kuizima. Kaa nayo mkononi, na isizidi wati-saa 100, ambayo ni kama mAh 27,000. Wengi huitwa kwa majina dakika za mwisho, begi likafunguliwe, kwa ajili ya kitu hicho tu. Wengine hupata taabu kwa vituko. Mwaka 2021 kulikuwa na kisa kilichozungumzwa nchi nzima, cha msafiri aliyeuza senene, wale panzi wa kuliwa, ndani ya ndege ya kwenda Dubai, mifuko mkononi, akipita kati ya viti kama yuko stendi. Nilicheka, nakiri. Lakini mtu akisimama njiani wakati ndege inajiandaa, yeye mwenyewe ni hatari.

Kwa safari ijayo, shauri langu ni la mtu aliyeona mengi: usitoke Arua siku ya safari. Panda basi siku moja kabla, lala Kampala, au lala Entebbe kwenyewe ambako vyumba vya bei ndogo vipo. Barabara mpya ya kulipia, iliyofunguliwa 2018, inasaidia, lakini lazima kwanza uifikie, na Kampala ikiwa imefunga, hata boda boda inakwama. Fika uwanjani masaa matatu kabla ya ndege kuondoka. Ukirudi na begi limepasuka, nenda kaunta ya mizigo kabla hujatoka nje, wakuandikie karatasi. Mkataba wa Montreal wa 1999 unatoa siku 7 kudai kwa maandishi kwa mzigo wa safari ya kimataifa ulioharibika, na siku 21 kwa uliochelewa, kuanzia siku ulipokabidhiwa.

Na swali lako la mwisho, kama ungekuwa na begi la mkononi tu. Hapo mlango ungekuwa mpana kidogo. Angekuwa abiria aliyejiandikisha kwa safari mtandaoni (check-in) tangu jana yake, jina lake lingekuwa tayari kwenye orodha na kiti chake kwenye hesabu, na mashirika kadhaa yangemwacha apite moja kwa moja hadi kwenye ukaguzi, mradi afike mlangoni kabla haujafungwa, kama dakika 20 kabla. Lakini kwa safari ya Dubai mashirika mengi hudai kuona viza na pasipoti yako kwa macho pale kaunta, kwa sababu ukikataliwa kule, shirika ndilo linalobeba gharama ya kukurudisha. Kaunta hiyo ndiyo iliyokuwa imefungwa. Kwa hiyo, dakika 45, bila kujiandikisha mapema, jibu lingekuwa lilelile, begi au bila begi. Ukijiandikisha simuni usiku wa kabla ya safari, piga picha ya pasi yako ya kupandia, maana intaneti ya barabarani huwa inakatika mtu anapoihitaji zaidi.